Matawi Mengi, Njia Zaidi ya Moja: Mwongozo wa SD-WAN kwa Mwenye Biashara

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na Kenya, Uganda na Rwanda nazo zikaonja. Miezi mitatu kabla yake mikongo kadhaa, SEACOM ikiwamo, ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo hata upande wa kaskazini ulikuwa umepungua nguvu. Kampuni iliyokuwa na watoa huduma wawili, wote wakitegemea mikongo hiyohiyo, ilijikuta ina bili mbili na njia moja.

Ukiwa na biashara yenye matawi, ianze hapo hesabu yako ya SD-WAN, yaani mtandao mpana unaoongozwa kwa programu. Wauzaji watakueleza kwanza kwamba ni rahisi na una kasi. Yana ukweli wake hayo. Lakini faida iliyo nzito kuliko zote ni kwamba mtandao wa matawi yako unaweza kujua laini inaumwa kabla keshia hajajua, ukahamishia kazi kwenye laini nyingine bila mtu yeyote kumpigia fundi simu. Kwa kuwa kazi ya kisanduku cha SD-WAN, kifaa kinachofungwa kila tawi, ni kuchagua njia, lazima kikute njia za kuchagua, na hizo unazitafuta wewe.

Tuchukue mfano wa kufikirika: maduka ya dawa yenye makao makuu Dar es Salaam na matawi manane, la mwisho likiwa Mwanza. Kwa mtindo wa zamani, biashara kama hiyo ilikodi laini binafsi za MPLS kutoka kwa mtoa huduma mmoja. Laini hizo ni tulivu na zina dhamana ya ubora, ila unazilipia kwa kila megabiti, na kuongeza tawi jipya kunaweza kuchukua wiki nyingi. Matawi yote hupita makao makuu kwanza, hata mtu wa Mwanza akitaka kufungua barua pepe tu. Mtindo huo ulikuwa na maana enzi ambazo programu ya hesabu ilikaa kwenye seva ya chumba cha nyuma Dar es Salaam. Leo barua pepe, mishahara na hesabu za stoo mara nyingi ziko kwenye wingu, na seva zenyewe ziko Johannesburg, Cape Town au Ulaya.

Watu hulalamikia umbali. Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo mzunguko wa kwenda na kurudi huongeza milisekunde kumi na kitu. Hiyo si kitu. Kinachoumiza ni lango moja: saa tatu asubuhi matawi yote yanabanana mlangoni Dar es Salaam, na siku umeme ukikatika makao makuu, duka la Tabora lenye umeme na mtandao mzima nalo linasimama kuuza.

Biashara nyingi za kwetu hazikuwahi hata kuwa na MPLS. Kila tawi lina intaneti ya kawaida, rauta iliyoletwa na mtoa huduma, na muunganisho wa VPN uliofungwa na kijana aliyekwisha hamia kampuni nyingine bila kuacha maandishi. Kama huko ndiko uliko, usitarajie SD-WAN ikupunguzie gharama ya laini, maana tayari unalipa kidogo. Utakachopata ni utaratibu: mahali pamoja pa kuona matawi yote, kanuni moja inayotumika kotekote, na tawi jipya linalowashwa kwa kuchomeka kisanduku kilichotumwa kwa basi, kikajipakulia mipangilio yake chenyewe.

Laini iliyokufa nusu

Rauta ya kawaida yenye laini mbili inajua kufanya jambo moja: laini ya kwanza ikizimika kabisa, inahamia ya pili. Shida ni kwamba laini zetu huzimika kabisa mara chache kuliko zinavyosuasua. Taa inawaka, mtandao upo, lakini pakiti tano katika kila mia zinapotea njiani. Ukurasa wa intaneti utafunguka ukivumilia. Simu ya intaneti itakatikakatika, mashine ya kadi itazunguka hadi muda uishe, na mteja ataambiwa maneno tunayoyajua sote: mtandao unasumbua, jaribu baadaye. Kwa rauta ile, laini ni nzima.

Kisanduku cha SD-WAN hujenga mahandaki yaliyosimbwa kupitia kila laini uliyonayo, kisha hupima kila handaki muda wote, hata mara kadhaa kwa sekunde. Hupima vitu vitatu: ucheleweshaji, upotevu wa pakiti, na mtikisiko, yaani pakiti kufika kwa vipindi visivyo sawa. Halafu hulinganisha vipimo hivyo na mahitaji ya kila programu. Kwa mazungumzo ya sauti, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Laini ikivuka hapo, simu zinahamishwa, huku nakala rudufu ya usiku ikiendelea palepale bila shida.

Huo mgawanyo wa kazi kwa programu ndio moyo wa jambo zima. Simu moja ya sauti isiyobanwa inakula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Ni kidogo sana, lakini haivumilii kuchelewa. Muamala wa malipo ni kilobaiti chache. Risiti ya kodi, iwe ya mfumo wa TRA au eTIMS ya Kenya, nayo ni ndogo na lazima ifike. Kamera ya usalama inayorusha picha makao makuu inaweza kumeza megabiti mbili hadi nne mfululizo, mchana na usiku, na masasisho ya kompyuta yanakuja kwa gigabaiti. Bila kanuni, kamera na masasisho humkanyaga keshia. Kwa hiyo kabla hujamwita muuzaji yeyote, kaa na mhasibu, msimamizi wa tawi na mtu wako wa TEHAMA, mpange kazi zenu kwa madaraja: ipi isisimame hata dakika moja, ipi ingoje, na ipi ipigwe marufuku kabisa laini kuu inapokatika. Mazungumzo hayo yana thamani hata kama mwishowe hununui chochote.

Je, njia zako mbili ni mbili kweli?

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi. Ukiwa na faiba mbili kutoka kampuni mbili, nenda kaangalie zinaingilia wapi. Mara nyingi zimetundikwa kwenye nguzo zilezile au zimelala kwenye mtaro mmoja kando ya barabara, na katapila la wajenzi wa barabara halichagui mteja. Mwombe kila mtoa huduma ramani ya njia kutoka tawini hadi kituo chake, kwa maandishi. Nchini Tanzania, uliza pia kama wote wawili wanapita Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kati ya mikoa, kwa sababu kampuni nyingi zimekodi uwezo humo. Kuupita si dosari. Dosari ni wewe kudhani una njia mbili wakati ni moja yenye majina mawili.

Kisha uliza kuhusu bahari. SEACOM, iliyoanza kazi 2009, na EASSy, iliyoanza 2010, zote zinapita pwani yetu zikielekea kusini na kaskazini. TEAMS, nayo ya 2009, inatoka Mombasa kwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu, kwa hiyo haitegemei Bahari ya Shamu kufika Ghuba. Mfanyabiashara wa Nairobi anaweza kupata watoa huduma wanaotumia mikongo tofauti kwa wepesi zaidi. Wa Dar es Salaam inabidi aulize kama mtoa huduma wake ana njia ya nchi kavu hadi Mombasa. Swali lenyewe liwe fupi: EASSy na SEACOM zikikatika kwa pamoja, trafiki yangu inapita wapi, na kwa uwezo kiasi gani? Atakayekupa jibu lenye majina ya mikongo, huyo anaijua kazi yake.

Usisahau mahali zilipo programu unazotegemea. Microsoft ilifungua vituo vyake vya wingu Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town 2020, na Google Johannesburg 2024. Ni karibu kuliko Ulaya, lakini mkato wa Mei 2024 ulitokea hasa kwenye njia ya kwenda huko. Programu ya mauzo iliyowekwa kwenye kituo cha data cha Dar es Salaam au Nairobi, na kufikiwa kupitia vituo vya kubadilishana trafiki vya ndani kama TIX na KIXP, haihitaji kuvuka bahari ili duka la Dodoma liuze panadoli. SD-WAN haiwezi kukuondolea utegemezi huo; inaweza tu kukuonyesha, kwenye dashibodi, kwamba laini zako zote zimeugua kwa wakati mmoja.

Kwa laini ya pili, mchanganyiko wa aina tofauti hushinda mchanganyiko wa kampuni tofauti. Faiba pamoja na 4G ya mnara ni bora kuliko faiba mbili za mtaro mmoja, ingawa mnara nao unaweza kulishwa na faiba ileile, kwa hiyo uliza. Setilaiti za anga ya chini ni chaguo zuri zinapokuwa na leseni. Starlink ilianza Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai 2023. Usichanganye na setilaiti za zamani zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Huko, kwenda na kurudi kunachukua karibu nusu sekunde kwa sheria za maumbile tu, na hakuna programu itakayopunguza. Zinafaa kutuma hesabu za stoo. Kwa mazungumzo ya simu hazifai.

Na umeme. Kibadilishi cha faiba, rauta, kisanduku cha SD-WAN na swichi vyote vikae kwenye UPS moja au betri ndogo ya volti 12. Nimeona ofisi zenye laini tatu na jenereta, ambazo mtandao wake hufa kila umeme unapokatika kwa sababu kijisanduku cha faiba kimechomekwa soketi isiyo na chelezo.

Bando linakokwenda

Ukitumia laini ya simu yenye bando kama njia ya akiba, piga hesabu hii kabla ya kusaini. Vile vipimo vya kila sekunde ni data. Chukua kipimo kidogo cha baiti 100, kimoja kwa sekunde, kwenda na kurudi: kwa siku ni megabaiti 17 hivi kwa handaki moja. Tawi la mfano wetu, likiunganishwa moja kwa moja na matawi mengine saba na makao makuu, lina mahandaki manane kwenye laini hiyo. Hapo unafika karibu megabaiti 138 kwa siku, zaidi ya gigabaiti nne kwa mwezi, kabla mtu hajatuma barua pepe hata moja. Kifaa kinachopima mara kumi kwa sekunde kinazidisha hesabu hiyo mara kumi.

Dawa yake ipo. Agiza laini ya simu iwe ya akiba tu, mahandaki yake yaamke laini kuu inapougua, au ipimwe kwa nadra. Punguza pia mahandaki: tawi la Tabora lina haja gani ya njia ya moja kwa moja hadi tawi la Morogoro? Yaunganishe yote na makao makuu au kituo cha data, inatosha. Baadhi ya vifaa hutoa huduma ya kutuma kila pakiti ya sauti kwenye laini mbili kwa pamoja ili moja ikipotea nyingine ifike. Ni huduma nzuri sana kwa daktari anayezungumza na mgonjwa kwa video, na ghali sana kwa bando. Iwashe kwa kazi hiyo pekee.

Jambo jingine ambalo wauzaji hulipitia juujuu ni kinachotokea katikati ya muamala. Ukiruhusu tawi litoke intaneti moja kwa moja, likahama kutoka laini moja kwenda nyingine, anwani yake ya IP inabadilika na upande wa pili unaona mgeni. Mfumo wa benki utakutoa nje, simu itakatika. Kazi nyeti zipitishe ndani ya handaki hadi kituo chenye anwani ya umma isiyobadilika, makao makuu au kwenye wingu, kisha zitokee hapo. Laini za tawini zikibadilishana, nje hakuna anayejua. Kituo hicho ni cha lazima pia kwa sababu laini nyingi za simu hazipewi anwani ya umma, na tawi linaweza kupiga kwenda nje tu, haliwezi kupigiwa. Barua pepe na vivinjari vya kawaida viache vitoke moja kwa moja.

Kila tawi linalotoka moja kwa moja ni mlango mmoja zaidi wa kulinda. Hakikisha kisanduku kina fayawoli ya kweli, na utenge mitandao: mashine za malipo peke yake, kompyuta za wafanyakazi peke yake, kamera peke yake, Wi-Fi ya wageni mbali kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya 2019, zinakubebesha wajibu wa kulinda taarifa za wateja, na kwa duka la dawa hizo ni taarifa za afya. Dashibodi nayo ni ufunguo wa matawi yote. Anayeipata anaweza kuelekeza trafiki yako yote anakotaka, kwa hiyo iwekewe uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtumiaji, na akaunti ya fundi anayeondoka ifungwe siku hiyohiyo.

Kabla ya kusaini

Kama una ofisi moja au mbili na kazi zenu zote ziko kwenye wingu, hela yako iache. Rauta nzuri yenye milango miwili ya intaneti, faiba moja na modemu ya 4G, itakutosha kwa sehemu ndogo ya gharama. SD-WAN inaanza kulipa matawi yanapokuwa matano au zaidi, au pale dakika kumi za kusimama zinapokuwa hasara unayoweza kuitaja kwa shilingi. Itaje. Chukua mauzo ya tawi kwa saa, zidisha kwa saa zilizopotea miezi mitatu iliyopita, na uiweke namba hiyo kando ya bei ya mkataba.

Bei yenyewe ina sehemu tatu: kisanduku, leseni ya kila mwaka, na laini. Leseni mara nyingi huhesabiwa kwa dola na kwa ukubwa wa laini, kwa hiyo ukiongeza faiba kutoka megabiti 50 hadi 200 unaweza kupandishwa daraja. Uliza leseni ikiisha muda nini kinaendelea kufanya kazi na nini kinasimama. Uliza mipangilio yako ni mali ya nani ukihama. Uliza nani anaangalia dashibodi saa nane usiku, wewe au wao. Kampuni za tasnia hii hununuliana: mwaka 2017 Cisco iliinunua Viptela na VMware ikainunua VeloCloud, VMware yenyewe ikaangukia mikononi mwa Broadcom 2023, na 2025 VeloCloud ikauzwa tena, kwa Arista. Mkataba wa miaka mitano bila kipengele cha mabadiliko ya umiliki ni hatari. Hakikisha pia kifaa kimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, hasa kikiwa na redio ya 4G ndani yake.

Jaribu kwa matawi mawili kwanza: lenye mauzo mengi na lenye mtandao mbovu kuliko yote. Wiki mbili kabla ya kufunga, rekodi hali ilivyo, ucheleweshaji na upotevu wa pakiti kwa kila saa, ili usije ukalinganisha kifaa kipya na kumbukumbu zako. Kikishafungwa, chomoa waya wa faiba saa ya mauzo mengi, mtu akiwa kwenye simu na keshia akiwa katikati ya malipo, uhesabu sekunde. Halafu fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi: mwagize fundi aiharibu laini kidogo bila kuikata, apoteze pakiti tano kwa mia, uone kama simu inahama. Kama haihami, bado una rauta ya kawaida yenye leseni ghali, na muuzaji ana kazi ya kufanya kabla hujalipa.

Ukiwa na MPLS, usiivunje mwezi huohuo. Iache iwe mojawapo ya njia kwa miezi mitatu, mfumo uipime pamoja na nyingine, na ripoti ya upimaji ndiyo ikuambie tawi lipi linaweza kuishi bila hiyo. Angalia tarehe ya mkataba wa zamani mapema, kwa kuwa nyingi hujiongeza zenyewe kwa mwaka mwingine usipotoa notisi, mara nyingi siku 90 kabla.